Kutulia Majini: Kwa Nini Ueleaji na Mlalo wa Mwili wa Mpiga Mbizi Ni Jambo Moja

Katika mafunzo mengi ya kupiga mbizi kwa mtungi, ueleaji na mlalo wa mwili hufundishwa kama masomo mawili. Mwanafunzi hujifunza kwanza kujaza na kupunguza hewa katika koti lake, vazi lenye mfuko wa hewa, ili asizame wala asipande, kisha, muda ukiruhusu, huambiwa anyooshe mwili na kuinua miguu. Mgawanyo huo humfaa anayepanga ratiba ya masomo, lakini majini haupo. Mtu aliyebeba uzito kupita kiasi hawezi kulala sawa, na mtu asiyelala sawa hawezi kujua kwamba uzito umemzidi. Kosa moja hulificha lingine, na ndiyo maana wapo watu waliopiga mbizi kwa miaka kadhaa bila kupata utulivu chini ya maji na bila kuonyeshwa kasoro ilipo.

Hali hiyo huonekana sana kwenye miamba ya Mnemba, ambako wageni wengi wa Zanzibar hupiga mbizi zao za mwanzo. Mgeni huogelea akiwa ameinama, kichwa juu na miguu chini, mapezi aliyovaa miguuni yakipiga bila kupumzika na kutimua mchanga, au kugonga matumbawe yaliyo nyuma yake ambayo hawezi kuyaona. Mkono wa kushoto hauachi kitufe cha koti: anajaza, anapunguza, anajaza tena. Hewa yake huisha kabla ya ya wenzake, na akiulizwa sababu husema kwamba pumzi yake ni nzito au kwamba hana mazoezi ya kutosha. Mara nyingi sababu haiko kifuani mwake. Iko kiunoni, kwenye mkanda wa risasi, yaani vipande vya madini mazito ya risasi vinavyomsaidia kushuka.

Ili kuona ni kwa nini, inafaa kuanza na kanuni ambayo Archimedes aliieleza zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji ambayo kitu hicho kimeyaondoa mahali pake. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takribani kilo 1.025. Mtu na vifaa vyake vyote wakichukua nafasi ya lita 100, maji huwasukuma juu kwa nguvu inayotosha kubeba kilo 102.5. Uzito wao wote ukiwa chini ya hapo watapanda, ukizidi watazama, na ukilingana watabaki pale walipo.

Kama hesabu hiyo ingebaki vilevile kutoka mwanzo wa mbizi hadi mwisho, mtu angejipima mara moja tu na kazi ikaishia hapo. Haibaki hivyo. Hewa iliyomo mtungini hupungua uzito kadiri inavyotumika, suti ya mpira hubanwa na maji kadiri mtu anavyoshuka, hewa iliyomo kwenye koti hubanwa na kutanuka kwa kila mita ya kina, na mapafu hujaa na kupungua kwa kila pumzi.

Wengi hushangaa kusikia kwamba hewa ya mtungi ina uzito wa kuhesabika. Mtungi wa kawaida wa alumini wa lita 11.1 ukijazwa kufikia bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo) hubeba zaidi ya lita 2,200 za hewa ya kawaida, na kwa kuwa kila lita ina uzito wa takribani gramu 1.2, jumla yake ni zaidi ya kilo 2 na nusu. Mpiga mbizi anayerudi juu geji ikisoma bar 50 atakuwa amepumua karibu kilo 2 za hewa hiyo, na hakuna namna ya kuzirudisha. Kwa hiyo ni lazima aanze mbizi akiwa mzito kwa karibu kilo 2 kuliko atakavyohitaji kuwa mwishoni. Suti nayo imetengenezwa kwa mpira wenye viputo vidogo vingi vya gesi ndani yake. Viputo hivyo humwinua mtu akiwa karibu na uso wa maji, lakini hubanwa anaposhuka, hata katika kina cha mita 20 au 30 sehemu kubwa ya nguvu yake ya kuinua huwa imepotea. Hewa ya koti ipo ili kufidia mambo hayo mawili, uzito wa hewa ya mtungi na kubanwa kwa suti. Kila lita inayoongezwa ili kubeba risasi isiyohitajika ni mzigo tu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, na inafaa kwenda nalo polepole. Robert Boyle aliandika mwaka 1662 kwamba ujazo wa gesi hupungua kwa kadiri ile ile ambayo mgandamizo wake unaongezeka. Juu ya maji mgandamizo ni bar 1; kwenye mita 10 ni bar 2, kwenye mita 20 ni bar 3, kwenye mita 30 ni bar 4. Chukua watu wawili walio mita 20 chini ya maji, wote wawili wakiwa wametulia. Wa kwanza ana uzito unaomfaa, na koti lake lina lita 2 za hewa. Wa pili amebeba kilo 4 za ziada, kwa hiyo amelazimika kuweka lita 4 zaidi, na koti lake lina lita 6. Sasa wote wawili wapande hadi mita 10 bila kugusa vitufe vyao. Hewa ya wa kwanza inatanuka kutoka lita 2 hadi 3, naye amepata msukumo wa kilo 1 hivi. Hewa ya wa pili inatanuka kutoka lita 6 hadi 9, naye amepata msukumo wa kilo 3. Wakifika mita 5, ambako mgandamizo ni bar 1.5, wa kwanza ana lita 4 na wa pili ana lita 12.

Tofauti hiyo inabadilisha tabia yote ya mbizi. Ziada ya lita 1 inaweza kumalizwa na mapafu peke yake: mtu anatoa pumzi kikamilifu, anapata nafasi ya kufikia valvu ya kutolea hewa ya koti, na mwili unatulia. Ziada ya lita 3 mapafu hayawezi kuimaliza kwa utulivu, kwa hiyo mtu analazimika kutoa hewa kwa haraka, anatoa kupita kiasi, anaanza kuzama, koti linabanwa zaidi kadiri anavyozama, naye anajaza tena. Kupanda na kushuka huku kunakowachosha wanafunzi hakutokani na uzembe wa vidole. Kunatokana na ukubwa wa kiputo cha hewa wanachokibeba mgongoni, na ukubwa huo uliamuliwa kwenye mashua walipovaa mkanda.

Historia ya vifaa inaliunga mkono jambo hili. Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kifaa chao cha kupumulia mwaka 1943, ilhali koti la kujazwa hewa la Maurice Fenzy wa Ufaransa lilikuja mwaka 1961. Katika miaka hiyo ya katikati wengi walishuka bila mfuko wowote wa hewa, wakitegemea risasi iliyopimwa kwa uangalifu pamoja na mapafu yao. Siwashauri watu warudi huko, kwa maana koti limeokoa maisha mengi, lakini limewapa wapiga mbizi na walimu wao ruhusa ya kutojali kipimo.

Risasi huzidi kwa sababu zinazoeleweka. Mwanafunzi mwenye hofu hupumua kwa kujaza kifua na hatoi pumzi yote, hivyo mapafu yake hubaki na lita moja au mbili zaidi ya kawaida. Miguu yake hupiga bila yeye kujua, ikimsukuma juu wakati anapojaribu kushuka. Suti ambayo haijalowa na koti jipya hushikilia hewa katika mikunjo. Mwongozaji mwenye wageni sita na mkondo unaoanza kuvuta hana muda wa kusubiri hayo yote yatulie, basi anamwongezea mtu huyo kilo 2, naye anashuka papo hapo. Tatizo la dakika mbili za mwanzo limetatuliwa kwa mzigo utakaobebwa kwa dakika 45 zinazofuata, na kibaya zaidi, idadi hiyo ya kilo huandikwa kwenye daftari na kuwa ndiyo idadi ya mtu huyo popote aendako.

Kipimo sahihi hufanywa mwishoni mwa mbizi, mtungi ukiwa umebaki na bar 50 hivi, mtu akiwa kwenye kina cha mita 5 ambako husimama kwa dakika 3 kabla ya kupanda. Atoe hewa yote ya koti, avuke mikono, aache miguu itulie, apumue kwa kawaida. Akibaki palepale, akipanda kidogo anapovuta pumzi na kushuka kidogo anapoitoa, uzito wake ni sahihi. Ikimlazimu kuacha hewa kwenye koti ili asizame, kila lita anayohitaji ni sawa na kilo moja ya risasi ambayo hakupaswa kuja nayo, na katika mbizi inayofuata aondoe kilo moja na kujipima tena. Wapo pia wanaopima kabla ya kushuka: mtu akisimama wima juu ya maji, koti likiwa tupu na mapafu yakiwa na pumzi ya kawaida, maji yamfikie machoni, na akitoa pumzi azame polepole. Kipimo hicho kinafaa, mradi mtu akumbuke kwamba mtungi wake bado umejaa na hewa yake itapungua, hivyo aongeze kilo 2.

Kupunguza risasi kuna mpaka wake, na mpaka huo si wa kuchezea. Mtu aliye mwepesi mno hataliona kosa lake akiwa kwenye mita 20, kwa kuwa suti imebanwa na mtungi bado una hewa. Ataliona anaposimama kwenye mita 5 na kugundua kwamba bahari inamsukuma juu wala hana hewa ya koti iliyobaki ya kutoa. Anayejisifu kwa kubeba kilo chache kuliko wenzake na kushindwa kukaa mita 5 kwa dakika 3 amekosea kama yule aliyebeba kilo 4 za ziada.

Uzito ukishakuwa sahihi, mapafu ndiyo hufanya kazi ya kila dakika. Pumzi ya utulivu huhamisha karibu nusu lita, na mtu anaweza kupumua huku mapafu yakiwa yamejaa zaidi au yakiwa matupu zaidi bila kuikatisha pumzi hata mara moja. Ugumu uko kwenye wakati. Mwili wenye vifaa vya zaidi ya kilo 100 hauitikii pumzi papo hapo. Hupita sekunde moja, mbili au zaidi kabla haujaanza kupanda, na ukishaanza hauachi mara moja. Mgeni huvuta pumzi, haoni mabadiliko, anabonyeza kitufe, kisha yote mawili yanamfikia kwa pamoja. Anayejua huvuta pumzi mapema, kabla ya kukifikia kichwa cha tumbawe, na huanza kuitoa kabla hajakimaliza kukivuka. Katika haya yote koo halifungwi kamwe. Kushikilia pumzi ukiwa umejaza mapafu na huku unapanda kunaweza kuyapasua mapafu hata katika mpando usiofika mita 2, kwa maana karibu na uso wa maji ndipo hewa inapotanuka kwa kasi kubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye mlalo, ambao watu huuona kama suala la umaridadi. Mwili uliomo majini una vitovu viwili: kitovu cha uzito, ambapo uzito wote huvuta kwenda chini, na kitovu cha ueleaji, ambapo maji husukuma kwenda juu. Visipokuwa kwenye mstari mmoja wa wima, mwili huzunguka hadi viwe kwenye mstari huo, na hakuna nidhamu ya misuli itakayouzuia kwa muda mrefu. Mapafu yako kifuani, na hewa ya koti hukusanyika mabegani na kifuani. Risasi iko kiunoni, na chini yake kuna miguu na mapezi. Ukichukua kilo 4 za risasi zisizohitajika ukazifunga kiunoni, kisha ukaziinua kwa lita 4 za hewa kifuani, umeunda mkono wa kuuzungusha mwili: kifua kinapanda, miguu inashuka. Nahodha wa jahazi anapopakia farumi, uzito wa kukituliza chombo, haulizi tu ni kiasi gani. Huuliza pia imekaa wapi, kwa kuwa farumi ile ile iliyorundikwa tezi, nyuma ya chombo, huinua omo, mbele yake, na chombo hakishiki njia.

Mwili ukishainama, mapezi nayo hubadilisha kazi. Mtu aliyelala sawa husukumwa mbele na nguvu yote ya miguu yake. Aliyeinama kwa nyuzi 30 hupeleka nusu ya nguvu hiyo juu, na aliyeinama kwa nyuzi 45 hupeleka takribani asilimia 70. Kwa hiyo kila teke linampandisha. Yeye huhisi kwamba anaelea mno, hupunguza hewa ya koti, na sasa anakuwa mzito kwelikweli. Lakini hazami, kwa sababu miguu inaendelea kumbeba. Geji ya kina inaonyesha namba ile ile dakika hadi dakika, naye anaamini kwamba ameelea sawasawa. Siku atakapoacha kupiga miguu, labda apige picha au amsubiri mwenzake, ataanguka juu ya matumbawe akitanguliza mapezi. Huu ndio mfungamano niliousema mwanzoni: miguu inaficha uzito, na uzito ndio ulioishusha miguu.

Jaribio la kuufichua ni rahisi na halihitaji kifaa chochote. Juu ya mchanga mtupu, mbali na matumbawe, mtu aache kabisa kupiga miguu na mikono kwa pumzi kadhaa. Akizama, alikuwa akibebwa na mapezi. Miguu ikishuka huku kina chake hakibadiliki, ueleaji wake ni sawa lakini uzito umekaa chini mno.

Mpangilio wa marekebisho nao una umuhimu. Kuhamisha risasi kabla ya kuipunguza ni kupamba kosa. Risasi ikishapunguzwa hadi kiwango kinachostahili, mara nyingi nusu ya tatizo la mlalo huwa limeondoka lenyewe, kwa sababu hewa ya kifuani nayo imepungua. Kinachobaki hurekebishwa kwa umbali: kilo 1 iliyosogezwa sentimita 40 ina athari sawa na kilo 2 zilizosogezwa sentimita 20, ndiyo maana kipande kidogo kilichofungwa kwenye mkanda wa mtungi karibu na mabega kinaweza kuinua miguu ambayo mtu aliipigania kwa muda mrefu. Mtungi wenyewe unaweza kupandishwa au kushushwa sentimita chache katika mkanda wake. Mapezi ya mpira mzito huvuta miguu chini, na yale mepesi ya plastiki huiacha ielee. Mtungi wa alumini una tabia yake: ukijaa huzama kidogo, na ukikaribia kuisha huelea, hivyo aliyelala sawa mwanzoni anaweza kukuta sehemu ya chini ya mgongo wake inainuliwa dakika za mwisho. Asiyelijua hilo hudhani ameharibu kitu.

Mwili nao ni farumi inayohamishika, na haigharimu chochote. Mikono ikinyooshwa mbele, uzito husogea mbele na miguu huinuka; magoti yakikunjwa ili mapezi yawe juu ya mapaja, miguu hupungua nguvu ya kuvuta chini. Kichwa kikiinuliwa na macho kutazama mbele, mgongo hujipinda kidogo na mapaja hukaa kwenye mstari wa kifua, ilhali anayetazama tumbo lake hukunjika nyongani na magoti yake hushuka. Mkao huo ndio unaomwezesha mtu kupiga miguu kama chura, kwa kusukuma maji nyuma badala ya chini, jambo linalouacha mchanga utulie mahali pake.

Anayedhani haya ni mambo ya wataalamu na afikirie mahali anapopigia mbizi. Katika mlango wa Kinasi kule Mafia, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, mkondo hubeba watu juu ya bustani za matumbawe, na tumbawe la aina ya jiwe hukua kwa takribani sentimita 1 tu kwa mwaka. Pezi moja linaweza kuvunja ukuaji wa miaka mingi kwa teke ambalo mwenyewe hakulihisi. Kwenye kuta za Pemba hali ni nyingine: mwamba unashuka hadi kwenye buluu isiyoonekana mwisho, hakuna sakafu ya kumpokea aliye mzito, na kila mita anayozama inalibana koti lake na kumzidishia kasi. Kinachomlinda huko ni kiputo kidogo cha hewa na pumzi iliyozoeshwa.

Kwa sababu hiyo naona kwamba desturi ya kuwafundisha wanafunzi wakiwa wamepiga magoti kwenye sakafu ya bwawa inastahili kuachwa. Inamtaka mwanafunzi awe mzito ili apige magoti, na inamzoesha mkao wa wima katika saa zile za mwanzo ambazo mwili hujifunza upesi kuliko wakati mwingine wowote. Walimu wanaofundisha kuondoa maji kwenye miwani na kubadilishana hewa huku wanafunzi wakielea hutumia muda zaidi siku ya kwanza, lakini hawahitaji baadaye kuwafundisha kuacha walichokwisha kuzoea.

Kipimo cha mtu hakihami naye bila kubadilika. Katika miezi ya kusi maji ya pwani hupoa hadi karibu nyuzi 25, na wengi hubadili suti ya milimita 3 kwa ya milimita 5, hivyo risasi huongezeka. Anayetoka baharini akaenda Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa, ambako watu hushuka kutazama samaki wa rangi wasiopatikana kwingineko, hukuta maji yasiyo na chumvi: zile lita 100 sasa zinaondoa kilo 100 tu za maji badala ya 102.5, na kilo 2 na nusu zinapaswa kutoka kwenye mkanda. Mtungi wa chuma, ambao kwa kawaida hauelei hata ukiisha, hudai hesabu nyingine tena. Basi daftari la mbizi liandike uzito pamoja na unene wa suti, aina ya mtungi, maji ya chumvi au yasiyo na chumvi, mahali kila kipande kilipofungwa, na kiasi cha hewa kilichobaki kwenye koti katika mita 5 mtungi ukiwa na bar 50.